Kafyu, Feri na Mji wa Kale: Kumbukumbu ya Amri za Korona Pwani

Kila inapotangazwa habari ya maradhi mapya, iwe ni kipindupindu au homa ya ng'ambo, neno la kwanza barazani kwetu huwa ni moja: "Wasije wakatufungia tena." Ni wachache wanaosema, "Tusije tukaugua." Anayetusikia kwa mbali aweza kudhani kwamba watu wa Pwani hawakuamini korona ipo. Mimi sikubaliani na dhana hiyo. Tulizika watu wetu. Nchini kote vifo vilivyoandikishwa vilipita 5,600, na miongoni mwao wamo wazee wetu, walimu wetu na madaktari wetu. Hasira iliyobaki vifuani ina sababu zake, na sababu hizo zina tarehe, mahali na sheria. Nimeziweka hapa kwa mpango ili kijana atakayeuliza kesho kwa nini babake hamwamini mtangazaji wa wizara apate pa kusoma.

Amri zilivyofuatana

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, na aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Kabla mwezi haujaisha, ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa na mikusanyiko ya ibada ikapigwa marufuku. Yaliyofuata, kwa upande wetu, ni haya:

- 27 Machi 2020: kafyu ya nchi nzima, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri.
- 8 Aprili 2020: Mombasa, Kilifi na Kwale zafungwa. Mizigo inapita, watu hawapiti. Treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi nayo ilisimama.
- 6 Mei 2020: Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wafungwa kila mmoja peke yake.
- 6 Juni 2020: Mji wa Kale, Kilifi na Kwale zafunguliwa, Mombasa yabaki imefungwa. Kafyu yasogezwa hadi saa tatu usiku.
- 7 Julai 2020: Mombasa yafunguliwa. Misikiti na makanisa yafunguliwa kwa masharti.
- 29 Septemba 2020: kafyu yasogezwa hadi saa tano usiku. Mwezi wa Novemba ikarudishwa saa nne.
- 20 Oktoba 2021: kafyu yaondolewa, Siku ya Mashujaa.
- 11 Machi 2022: sharti la kuvaa barakoa nje laondolewa.

Kafyu ilitolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Kufungwa kwa kaunti kulitolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Zote mbili ni sheria za tangu enzi ya mkoloni, na zote mbili bado zimo vitabuni. Kwa kutovaa barakoa, mtu aliweza kutozwa faini ya hadi Sh20,000 au kufungwa hadi miezi sita. Kwa kibarua wa bandarini au mama wa viazi karai, faini hiyo ni mtaji wote, na deni juu yake.

Siku ya kwanza, kivukoni

Ukitaka kujua mahali hasira za Mombasa zilipoanzia, nenda Likoni. Kivuko kile kinakadiriwa kuvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Wengi wao ni wa Kwale na Likoni wanaovuka asubuhi kuja kisiwani kufanya kazi na kurudi jioni. Hawana njia nyingine ya karibu. Ukiwaambia watu hao kwamba saa moja usiku wawe ndani, maana yake ni kwamba wote watafika kivukoni kwa wakati mmoja, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Jambo hilo halihitaji mtaalamu. Kila utingo wa matatu anayepiga kelele pale stejini angeweza kulisema kama angeulizwa.

Hakuulizwa. Ijumaa ile ya tarehe 27 Machi, saa za kafyu hazijafika, polisi walitupa vitoza machozi katikati ya watu waliokuwa wakingoja feri. Watu walichapwa, wakakalishwa chini wamebanana, wakakohoa na kupangusa macho kwa mikono ile ile waliyoambiwa wasiguse nyuso. Amri iliyotolewa ili watu wasisongamane iliwasonganisha, tena kwa fimbo. Picha zake zilizunguka dunia.

Tarehe 1 Aprili Rais aliomba radhi kwa nguvu zilizopita kiasi. Tarehe 16 Aprili, katika kesi iliyopelekwa na Chama cha Mawakili wa Kenya, Mahakama Kuu ilisema kafyu yenyewe haivunji Katiba, lakini nguvu zisizo na kiasi zilizotumiwa na polisi kuisimamia zinaivunja. Mwanzoni mwa Juni, mamlaka huru ya kuchunguza polisi, IPOA, ilisema malalamiko iliyopokea yanawahusisha polisi na vifo 15 tangu kafyu ianze. Mmoja wa waliouawa ni mtoto wa miaka 13 wa Kiamaiko, Nairobi, aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Yumo ndani kwao na bado risasi imemfuata. Tangu hapo, mtu aliposikia "kaa nyumbani uwe salama", alijiuliza salama na nani.

Haki ni kusema pia kwamba kelele za kivukoni zilizaa kitu. Daraja linaloelea la Liwatoni, la watu wa miguu, lilijengwa mwaka huo wa 2020 kwa hoja ya kupunguza msongamano wa feri. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiambiwa njia ya miguu haiwezekani. Ilipotakiwa, ikawezekana kwa miezi.

Mji wa Kale

Mji wa Kale ulifungwa katikati ya Ramadhani. Masoko na mikahawa ya ndani yake ikafungwa, na vizuizi vya polisi vikawekwa kwenye njia za kuingilia. Idd-ul-Fitr ya mwezi wa Mei ilitukuta hivyo.

Asiyeujua mtaa ule aelezwe kidogo. Nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, vichochoro ni vya watu wawili kupishana, na nyumba moja yaweza kuwa na familia ya bibi chini, ya mwana katikati, na wapangaji juu. Maji ya mfereji hayatoki kila siku. Mombasa huletewa maji kutoka mbali, Mzima na Baricho, na yakikatika watu hununua madumu kwa mwenye mkokoteni. Kwa hivyo amri tatu kubwa za wakati ule, yaani kaa mbali na mwenzako, nawa mikono kila mara na usitoke nyumbani, zilikuta mahali ambapo nafasi ni ya kugawana, maji ni ya kununua, na chakula cha jioni hutafutwa mchana wa siku hiyo hiyo.

Ramadhani ndiyo mavuno ya mama zetu wa futari. Kaimati, sambusa, katlesi, mikate ya sinia, vibibi na mahamri huuzwa alasiri, mlangoni, na pesa zile ndizo hulipa kodi ya nyumba na nguo za Idd za watoto. Mwaka ule zilikosekana. Aliyekaanga hakuwa na wa kumuuzia, kwa sababu mnunuzi wake wa Majengo au Bondeni alikuwa upande wa pili wa kizuizi.

Serikali ililalamika kwamba watu wa Mji wa Kale hawajitokezi kupimwa. Ni kweli, wengi walijificha. Lakini sababu ilijulikana. Katika wiki za mwanzo, aliyepelekwa karantini ya lazima alidaiwa gharama ya kukaa huko. Mwezi wa Mei ndipo serikali ikasema itabeba gharama za walio katika vituo vyake. Kwa hivyo kwa wiki kadhaa kipimo kilikuwa na maana hii mtaani: ukikutwa nayo, unachukuliwa na gari mbele ya majirani, unafungiwa siku kumi na nne, duka lako linafungwa, kisha unaletewa bili. Ukamwambie nani ajitokeze kwa masharti hayo? Habari ya bili ilipofutwa ilifika kwa kuchelewa, na hofu ilishapata kiti.

Ibada na maziko

Kufungwa kwa misikiti kulituuma, lakini hakukuleta fujo kama wengi walivyotarajia. Wanazuoni walieleza mapema kwamba Mtume (SAW) ametukataza kuingia katika nchi yenye tauni, au kutoka humo kwa kuikimbia. Kulinda nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu. Watu walisali tarawehe majumbani, baba akawa imamu wa wanawe. Na hata kama misikiti ingekuwa wazi, kafyu ya saa moja ingetangulia Isha.

Kilichoudhi ni masharti ya kufungulia. Julai 2020 misikiti na makanisa yalipofunguliwa, iliamriwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Madrasa zikabaki zimefungwa. Mzee wa miaka 60 aliweza kwenda Kongowea kununua muhogo katikati ya maelfu ya watu, aliweza kupanda matatu, lakini hakuruhusiwa kusimama safu ya mbele ya msikiti alioujenga mwenyewe kwa mikono yake. Sababu ya kitabibu ilikuwepo, maana maradhi yaliwaua wazee zaidi. Ila hakuna aliyekuja kukaa na wazee hao na kuwaeleza. Waliambiwa na bawabu mlangoni.

Maziko nayo yalipangiwa watu 15. Sisi kuzika haraka ni desturi, hilo halikutusumbua. Lililosumbua ni kuosha maiti. Familia ziliona mfu wao akikabidhiwa ndani ya mfuko uliofungwa, na ikabidi wanazuoni waeleze hukumu ya tayammum pale maji yanapohofiwa. Maelezo hayo yalipotolewa mapema na imamu wa mtaa, watu walituliza nyoyo. Palipokosekana maelezo, kulizuka ugomvi hospitalini. Hitima na matanga yakakatwa, na wapo waliofiwa wakalia peke yao, jambo ambalo mila yetu hailijui.

Riziki

Korona haikuikuta Pwani ikiwa na afya. Mwaka 2019 watu wa Mombasa walikuwa wakiandamana kila Jumatatu kwa sababu makontena yalilazimishwa kupanda reli mpya kwenda Nairobi, na madereva, mahamali, wenye yadi na mama wa chakula wa Changamwe na Miritini wakabaki mikono mitupu. Utalii ndio uliokuwa umebaki kushikilia nyumba nyingi.

Utalii ukakatika ghafla. Wageni waliokuja Kenya mwaka 2019 walipita milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika 600,000. Hoteli za Diani, Nyali, Watamu na Malindi zilifunga milango au zikawapa wafanyakazi likizo isiyo na mshahara. Nyuma ya kila mpishi wa hoteli kuna mvuvi, mkulima wa mchicha, dereva wa tuktuk, mchonga vinyago, mwenye mashua ya vioo na msuka nywele wa ufuoni. Hao hawakupewa hata barua ya likizo.

Mvuvi alipata pigo mara mbili. Bahari haina saa ya serikali. Mvuvi hutoka kwa kufuata maji, bamvua au maji mafu, na samaki wengine hawavuliwi ila usiku. Kafyu ya saa moja hadi alfajiri ilimkatia nusu ya kazi yake. Na akibahatika kuvua, hoteli iliyokuwa ikinunua kamba na pweza wake imefungwa.

Kongowea, wauza mitumba walikaa tangu Aprili hadi Agosti 2020 bila bidhaa mpya, kwa kuwa kuingiza mitumba nchini kulipigwa marufuku. Matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba 8. Nauli ikapanda, na anayelipa ni yule yule kibarua aliyepunguziwa siku za kazi. Harusi zikawa nikahi za watu wachache sebuleni. Wengine walishukuru kwa kupunguza gharama, lakini mpika biriani, mpamba ukumbi, mchora hina, mshona magauni na kikundi cha tarabu walikosa msimu mzima.

Pasaka ya 2021 ikaleta kidonda kingine. Tarehe 26 Machi serikali ilifunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Pwani haikutajwa, lakini wageni wa ndani waliokuwa wameanza kufufua hoteli zetu ni wa kaunti hizo. Tulifungwa bila kufungwa.

Watoto

Shule zilifungwa Machi 2020. Mnamo 12 Oktoba walirudi wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne pekee. Wengine walikaa hadi 4 Januari 2021. Masomo ya redioni na ya intaneti yalikuwepo, na mwenye simu nzuri, bando na chumba cha kusomea alifaidi. Nyumba ya simu moja ya kitufe, ambayo baba huondoka nayo asubuhi, haikufaidi. Miezi tisa bila shule wala madrasa iliwatoa wavulana wengi wakaenda kuuza maji na kuendesha bodaboda, na baadhi yao hawakurudi darasani kamwe. Wasichana nao, wapo walioozwa. Hili halina takwimu katika makala yangu, lakini kila mtaa unawajua wake.

Msaada ulivyogawanywa

Serikali haikukaa kimya, na tuseme ukweli wake. Ushuru wa VAT ulishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kwa miezi tisa. Waliolipwa hadi Sh24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato. Ada ya kutuma pesa kidogo kwa simu iliondolewa hadi mwisho wa 2020, na hilo lilitusaidia sote. Mpango wa Kazi Mtaani uliwapa vijana vibarua vya kusafisha mitaro, na katika awamu ya pili walilipwa Sh455 kwa siku.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya nafuu ile ilipitia kwenye hati ya mshahara, na wengi wetu hatuna hati ya mshahara. Kodi ya mapato ya muuza mabuyu ni ipi ya kusamehewa? Chakula cha msaada kilichogawanywa na kaunti, misikiti na wahisani kiliokoa watu, nami nimeona sufuria zilizopikwa kwa unga ule. Lakini orodha za wanaostahili hazikubandikwa mahali pa wazi, na pale orodha inapofichwa, aliyekosa huamini ameibiwa hata kama hakuibiwa.

Kisha Agosti 2020 ikaja kashfa ya KEMSA, ununuzi wa vifaa vya korona wa thamani ya Sh7.8 bilioni. Mtu aliyekimbizwa kwa rungu kwa sababu ya barakoa ya kitambaa alisoma kwamba kuna waliotajirika kwa barakoa. Baada ya hapo, mhubiri wa afya alikuwa na kazi ngumu.

Ongeza mikutano ya siasa. Miezi ile ile ambayo tulikuwa tukihesabiana vichwa msikitini, viongozi wa pande zote walikuwa wakisimama juu ya magari mbele ya umati. Ilipofika Novemba 2020 ndipo Rais akaisimamisha mikutano hiyo kwa siku 60. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye ulinzi hamjui anayeogopa kafyu.

Mwishoni mwa 2021 serikali ilijaribu tena njia ya amri: asiyechanjwa asipewe huduma za serikali kuanzia 21 Disemba. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo tarehe 14 Disemba. Chanjo yenyewe ilikuwa na faida, nami nilimhimiza kila aliyeniuliza. Lakini sindano iliyotanguliwa na tisho ilipokewa kama tisho.

Tunachopaswa kudai

Maradhi mengine yatakuja. Mombasa ni bandari, na bandari hupokea yote, heri na shari. Sheria za Sura ya 56 na Sura ya 242 zitatumika tena. Kwa hivyo kuna mambo ya kudai sasa, wakati hakuna dharura, kwenye vikao vya umma vya bajeti ya kaunti na mbele ya wabunge wetu.

Kwanza, amri yoyote ya saa ipimwe kwanza kwa kivuko cha Likoni na kwa maji ya bahari. Wavuvi, wenye matatu na wasimamizi wa feri waitwe kabla ya tangazo.

Pili, karantini na vipimo viwe bure tangu siku ya kwanza, na jambo hilo litangazwe kabla ya kutangazwa adhabu.

Tatu, msaada utoke kabla ya kufuli. Orodha ya nyumba zenye uhitaji itayarishwe mtaa kwa mtaa na ibandikwe ukutani kwa chifu na msikitini, kila mtu aisome.

Nne, maimamu, mapadri, wakunga na wahudumu wa afya wa vijijini wapewe maelezo mapema ili wayafikishe kwa lugha ya watu wao. Tuliona palipofanyika hivyo, watu walitii bila kuona gari la polisi.

Tano, kila mtaa unaofungwa uletewe maji. Kumwambia mtu anawe mikono na bomba limekauka ni kejeli.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, chakula cha kutosha na maji safi, na inaitaka dola kuwashika mkono wasioweza kujikimu. Kifungu hicho hakikusimamishwa wakati wa korona. Mwakilishi wako wa wadi akija kuomba kura, muulize mtaa wenu una orodha hiyo, una matangi ya maji ya akiba, na nani ana funguo zake.